Injini ya Shemeji

Lameck alipoomba kadi ya gari, Dorkasi aliinuka akaenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni. Alisimama humo kidogo, akagusa mfuniko, akarudi sebuleni akiwa na jibu.

"Kadi sijui niliiweka wapi, shemeji. Tangu msiba, vitu vya nyumba hii vimechanganyika."

"Itafute taratibu," Lameck alisema. "Injini ikibadilika, namba yake lazima ibadilishwe kwenye kadi. Trafiki wakikusimamisha wakakuta namba mbili tofauti, watasema injini ya wizi."

"Nitaitafuta."

"Ukiipata nipe mimi, nikuhangaikie huko maofisini. Wewe una mambo mengi."

Aliyasema hayo bila kumtazama usoni, na hilo ndilo lililomkera Dorkasi zaidi ya ombi lenyewe. Alikuwa ameelekeza uso kwenye pazia la mlango, kama anayezungumza na mgeni aliyesimama nje. Daudi, mume wa Dorkasi, alipokuwa hai, huyu mdogo wake alikuwa mtu wa kukukazia macho na kucheka. Siku hizi macho yake yalikuwa yanakimbia. Alipotoka aliipiga teke ndoo ya maji pale kibarazani, maji yakamwagika, na hakugeuka hata kusema samahani.

"Mama," Hilda aliuliza kutoka chumbani. Alikuwa likizo ya chuo, na masikio yake hayakuwa likizo. "Kadi si iko kwenye begi la vitenge?"

"Nyamaza wewe."

"Kwani baba mdogo anataka nini?"

Dorkasi naye alikuwa anajiuliza swali hilohilo.

Gari lenyewe lilikuwa Hiace ya zamani ambayo wazungu wa misheni walimwachia Daudi walipofunga virago kurudi kwao, baada ya yeye kuwaendesha miaka mingi. Ndani lilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki dogo, makabati ya mbao, na paa linaloinuka kama mfuniko wa sanduku. Watoto wa mtaa wao wa Miyuji waliliita nyumba ya konokono. Dorkasi alipoliangalia aliona mgahawa. Angelipeleka minadani, kila mnada na siku yake, Mpwapwa, Kibaigwa, popote ng'ombe wanapouzwa na watu wanaposhikwa na njaa, akauze supu, wali na chapati. Tatizo lilikuwa injini. Ile ya petroli ilikuwa imechoka. Kwenye kilima kidogo tu ilihema kama mgonjwa wa pumu, na mafuta iliyokunywa yangemeza faida kabla supu haijachemka.

Ndipo Lameck alipokuja na shauri lake. Pikapu yake, alisema, imekatika chasisi, haifai tena barabarani, lakini injini ni nzima: dizeli, yenye turbo, inapanda mlima na mzigo huku unapiga mluzi. Tuitoe huku tuitie kule. Hakuombwa. Hakutaja bei. Kama angetaja bei, Dorkasi angelala usingizi wake.

* * *

"Mtu akikupa mkia wa ng'ombe bure," alisema Mwanaidi, jirani yake, akichambua mchele kwenye ungo, "muulize ng'ombe mwenyewe yuko wapi."

"Ni ndugu wa marehemu."

"Ndiyo nakwambia. Bodi lako, injini yake. Siku mkipishana kauli atasema, naomba injini yangu. Gari bila injini ni banda la kuku, shoga yangu. Na hapo kadi iko mikononi mwake."

"Sijampa."

"Usimpe. Halafu kuna lingine, sijui niseme." Mwanaidi alishusha sauti ingawa uani hapakuwa na mtu. "Ninyi Wagogo si huwa mnarithi wajane?"

"Hayo mambo ya zamani, Mwanaidi."

"Ya zamani. Na kitanda kimo humohumo ndani ya gari."

Dorkasi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alirudi kwake akaitoa kadi kwenye begi la vitenge, akaishona ndani ya mto.

* * *

Gereji ya Bartolomayo ilikuwa uwanja wa vumbi pembezoni mwa Kizota, umezungushiwa mabati. Dorkasi alianza kwenda huko bila kutoa taarifa. Mara ya kwanza alikuta viti vya mbele vimetolewa nje, na pale ilipokuwa injini ya zamani, chini ya viti, pamebaki shimo jeusi. Injini ya Lameck ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo juu yake.

"Hii haikai kama ile, mama," fundi alimweleza. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzito, asiyependa kuulizwa lini. "Ni ndefu, halafu nzito. Nimekata vishikio vya zamani, nachomelea vipya. Rejeta nimeweka kubwa. Tangi nimeliosha lote, harufu ya petroli isibaki. Nipe muda."

Lameck alikuwa ameinamia injini, anapapasa turbo kwa vidole, boliti moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kitu alichokificha mwenyewe. Dorkasi alisimama mbele yake, karibu kabisa. Hakusalimiwa. Ni mpaka alipokohoa ndipo Lameck alipoinua kichwa na kusema kwa furaha nyingi kupita kiasi, "Aa! Shemeji, umefika?"

Mara nyingine alikuta viti vimerudishwa na Lameck hayupo. Dorkasi alijua kuendesha. Daudi alimfundisha kwenye gari hilohilo. Alipanda, akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Fundi, breki hizi mbona hivi?"

"Hosi ya upepo bado sijaifunga. Injini ya petroli ilikuwa inavuta upepo wa breki yenyewe, hii ya dizeli ina pampu yake. Nikifunga hosi, pedali italainika."

"Kwa nini hujafunga?"

"Shemeji yako alisema nisubiri. Aliishika ile hosi akakuta ina ufa, akasema tutafute nzima."

Maneno yalikuwa mengi, lakini Dorkasi alirudi Miyuji na mawili tu: alisema nisubiri. Njia nzima alikuwa anaona barabara ya kuteremka kuelekea Mpwapwa, gari limejaa masufuria, na mguu wake unakanyaga jiwe.

Siku iliyofuata Dorkasi alimkuta gerejini Evelina, mke wa Lameck. Alikuwa amefika kabla yake, ameufungua mlango wa nyuma wa gari, anakiangalia kitanda.

"Shikamoo, dada," Evelina alisema bila kugeuka.

"Marahaba, mama Anna. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Sisi tunatembea kwa miguu." Alibonyeza godoro kwa kidole. "Laini. Hongera."

"Evelina, mimi sikumwomba mume wako injini."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kuangalia." Sasa aligeuka. "Mwanamume hang'oi moyo wa gari lake akampa mwanamke bure, dada. Mimi nimekaa naye, namjua. Siku hizi hanitazami. Nikimsemesha anaangalia pembeni. Usiku hatoki, mchana hataki kutoka na mimi. Anatoka peke yake, anasema anakuja huku."

Mafundi waliokuwa chini ya magari mengine waliacha kugonga. Dorkasi alihisi masikio yao kama mikono mwilini mwake. Angeweza kusema, hata mimi hanitazami. Lakini alifikiri, hawa ni mke na mume, huenda wamepanga, mmoja anatoa na mwingine anagomba, ili baadaye waseme tulikunyang'anya kwa haki. Akafunga mlango wa gari, akaondoka.

* * *

Gari likawa tayari. Bartolomayo aliwaita wote asubuhi ya Jumamosi, na kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa ya kila siku, madereva na mafundi wa jirani nao walikuja kuona. Fundi alimwonyesha Dorkasi pedali. Ilikuwa imelainika.

"Panda mama, ujaribu gari."

Dorkasi hakupanda. "Kwetu," alisema kwa sauti ya kusikika, "mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Aanze mwenye injini."

Watu wakacheka. Lameck alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ingawa mikono yake ilikuwa safi. "Leo siendeshi. Mgongo unanisumbua."

"Mgongo!" alisema Evelina. "Umeanza lini huo mgongo?"

"Shemeji, unaiogopa injini yako?" Dorkasi aliuliza.

Dereva mmoja akapiga mluzi. Lameck aliendelea kufuta mikono. Alikuwa dereva tangu ujana, amepeleka mizigo hadi Kondoa na Singida wakati barabara zikiwa tope tupu, na sasa watu wanamcheka mbele ya mke wake na mke wa kaka yake. Akakitupa kitambaa. "Nani anaogopa?"

Alipanda upande wa usukani. Dorkasi naye akazunguka akakaa kushoto kwake. Kama ni kufa, alijisemea, tufe wote.

Injini iliwaka, ikatoa moshi kidogo, ikatulia. Walitoka getini wakashika barabara ya vumbi iliyonyooka. Lameck akaongeza mafuta, na kutoka chini ya viti turbo ikaanza kupiga mluzi mwembamba. Gari likavuta. Lilivuta kama ng'ombe aliyepumzika msimu mzima.

"Unaisikia?" Lameck aliuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alicheka kicheko chake cha zamani.

"Naisikia, shemeji." Na kwa kitambo hicho kifupi Dorkasi hakuwa na shaka na mtu yeyote.

Karibu na mashine ya kusaga, mtu mmoja alitokea upande wa kushoto, anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji.

"Shemeji, mkokoteni," Dorkasi alisema kwa sauti ya kawaida, maana ulikuwa peupe.

Lameck akageuza kichwa. Dorkasi aliyaona macho yake. Yalipita juu ya mkokoteni, juu ya mwenye mkokoteni, juu ya madumu ya njano, yakaendelea, yakarudi, yanatafuta.

"Wapi?" aliuliza.

Mwenye mkokoteni aliruka. Madumu yalipasuka, gari likayumba, likaingia mtaroni kwa pua, na rejeta mpya ikaanza kutema maji.

Watu walijaa kabla vumbi halijatua. "Amelewa!" mtu alipiga kelele. Dereva mmoja wa bodaboda alimsogelea Lameck, akamnusa mdomo mbele ya umati, akatikisa kichwa. "Hana pombe." Lameck alisimama tu anuswe, kama ndama anayekaguliwa mnadani.

"Mzee, ulikuwa unanitazama!" alilia yule mtu wa mkokoteni, goti lake linachuruzika damu. "Ulinitazama usoni kabisa, ukanifuata! Nimekukosea nini?"

Lameck alifungua mdomo. Dorkasi akamuwahi.

"Ni breki," alisema. "Breki zimekataa."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Alijua tu kwamba ndiye aliyempandisha mtu asiyeona kwenye usukani, kwa kejeli, mbele za watu, na kwamba jambo lile halikuwa lake kulitangaza. Nyuso zote zikageuka kumtazama Bartolomayo, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika mbio, spana mkononi. Fundi alimwangalia Dorkasi.

* * *

Maneno yalisafiri. Fundi amefunga breki mbovu kwenye gari la mjane. Mwenye lori aliyekuwa na kazi pale gerejini alikuja kuliondoa likiwa halijaisha. Akafuata mwenye teksi. Bartolomayo alingoja Dorkasi aje aseme ukweli, Dorkasi hakuja. Mwishowe alivaa shati safi akaenda mwenyewe Miyuji.

"Mama, twende kwa shemeji yako," alisema akiwa mlangoni, akikataa kiti. "Huko mmoja wenu atasema."

Walimkuta Lameck amekaa sebuleni, na Evelina akiwakaribisha kwa mdomo tu.

"Breki nimezifungua mbele ya mafundi wengine," alianza Bartolomayo. "Ni nzima. Sikuja kugomba. Nataka mniambie nimewakosea nini."

"Hukukosea, fundi," alisema Dorkasi. "Nilidanganya."

"Kwa nini?"

Dorkasi alimwangalia Lameck. Evelina akaliona lile jicho.

"Kumbe!" Alisimama. "Unamfichia nini mume wangu? Mna siri gani ninyi wawili ambayo mimi nisiijue ndani ya nyumba yangu?"

"Evelina," alisema Lameck.

"Sema! Sema mbele ya fundi!"

"Ni macho. Hayaoni."

Evelina akacheka kwa hasira. "Usinifanye mjinga. Unakula, unatembea, unasalimia watu."

"Nasalimia sauti."

Evelina alihama, akaenda kusimama kushoto kwa mume wake, karibu na ukuta. "Vidole vingapi hivi?"

Lameck aligeuza uso upande ule, akakunja paji, kama mwanafunzi anayetaka kupatia.

"Vitatu," alisema.

Evelina hakuwa ameinua mkono wowote. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika pindo la khanga. Aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, na kwa muda hakuna aliyejua amwangalie nani.

Ndipo Lameck alipoeleza. Daktari alisema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha kufa. La kulia anaona mbele tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Amepewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi.

"Na chasisi ya pikapu?" Evelina aliuliza kutoka sakafuni.

"Chasisi ni nzima."

"Ulinidanganya."

"Nimekuwa dereva maisha yangu yote, mama Anna. Nikisema sioni, mimi ni nani hapa? Nikaona injini itaota kutu uani bure. Bora iende kwa mke wa kaka, aitembeze minadani, na siku moja nimwombe fungu kidogo. Kila nikitaka kuanza, nasikia sauti yake inavyonishuku. Nikawa nasema, kesho."

"Uliitaka kadi yangu," alisema Dorkasi kwa aibu.

"Nilitaka kukupunguzia foleni, basi. Hata ungenipa, nisingeweza kuisoma."

Evelina alijifuta macho kwa khanga, akamgeukia Dorkasi. Sauti yake haikuwa imelainika. "Kwa hiyo wewe ulijua kabla yangu."

"Nilijua pale barabarani, alipouliza wapi."

"Na ukakaa nalo kwako. Mimi namwekea chakula mtu ambaye simjui, na wewe unajua."

"Nisamehe, mdogo wangu. Injini itabaki yenu. Kila nitakachopata mnadani kitakuwa na fungu lenu, tuandike mbele ya wazee ukitaka."

"Tutaona," alisema Evelina.

Bartolomayo alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. "Poleni sana," alisema. "Poleni kwa kweli. Lakini mimi bado sina kazi."

* * *

Walikwenda kesho yake, watu wakiwa wengi pale kwenye mashine ya kusaga. Evelina alitangulia, Lameck nyuma yake ameshika bega lake, na kila palipokuwa na shida Evelina alitamka neno moja tu, jiwe, mtaro, ngazi. Dorkasi alijaribu kusogea upande wa pili amsaidie. Evelina alimtazama, Dorkasi akarudi nyuma. Bartolomayo alifunga gereji yake iliyokuwa tupu, akaja kusimama na mafundi wenzake.

"Acha niseme mimi," alinong'ona Dorkasi. "Mimi ndiye niliyedanganya."

"Utasema lako," Lameck alimjibu. "Hili langu."

Aliliacha bega la mke wake. Akasema kwa sauti ya dereva aliyezoea kuita juu ya muungurumo wa injini kwamba breki za fundi Bartolomayo zilikuwa nzima, ni nzima hata leo, na anayetaka azikague. Aliyeharibika ni yeye. Macho yake yamekufa, na alipanda kwenye usukani akijua hivyo, kwa sababu ya kuchekwa.

Hapo Dorkasi naye akasema lake. Alisema ndiye aliyemlazimisha kupanda, na ndiye aliyemsingizia fundi. Aliposema hivyo, Mwanaidi, aliyekuja kusaga, aliinamia gunia lake. Mwenye lori akakohoa, akamwambia Bartolomayo kwamba kesho atapita. Bartolomayo aliitikia kwa kichwa tu. Bado alikuwa hamtazami Dorkasi.

"Yule niliyemgonga yupo hapa?" Lameck aliuliza.

"Nipo."

"Unaitwa nani?"

"Sostenes."

"Sostenes, nisamehe. Ulisema nilikutazama usoni. Sikukuona, ndugu yangu. Sikukuona hata kidogo."

Akanyoosha mkono. Aliunyoosha kando, ambako hapakuwa na mtu. Watu wakauangalia mkono ule ulivyokaa peke yake hewani. Mmoja alianza kucheka, akanyamaza mwenyewe. Evelina alipiga hatua ili ausogeze, lakini Sostenes, akichechemea na goti lake lililofungwa kitambaa, aliuzunguka mkokoteni wake, akaja akasimama pale mkono ulipoelekea, akaupokea.